Kutafuta Vipuri Halisi vya Magari ya Kale ya Jeshi

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja kwenye mkutano wetu wa mwaka)



Katibu amenipa dakika kumi. Ninamfahamu tangu alipokuwa kiranja wa bweni letu, na dakika kumi zake ni kumi kweli, kwa hiyo salamu nyingine nitazimalizia kwenye chakula.

Wote mnalijua lile gari aina ya Jeep lililolala nyuma ya karakana, chini ya mwembe. Mnunuzi wa chuma chakavu ameleta bei, na kamati itaamua mwezi ujao. Nimeombwa nieleze kama vipuri vyake halisi bado vinapatikana. Vinapatikana, ila si vyote, wala si kwa kila muuzaji.

Kati ya 1941 na 1945 kampuni mbili za Marekani, Willys na Ford, zilitengeneza magari haya zaidi ya 600,000 kwa mchoro mmoja: silinda nne, lita 2.2, nguvu za farasi 60, umeme wa volti 6. Vita ilipokwisha, maghala ya majeshi yalibaki yamejaa magari, na vipuri ambavyo havijafunguliwa vikauzwa kwa bei ya kutupa. Ufilipino watu waliyarefusha magari hayo yakabeba abiria. Uingereza, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep shambani kwake Anglesey, na mwaka 1947 gari la majaribio la Land Rover likajengwa juu ya chasisi ya Jeep. Hapa kwetu, ule Mpango wa Karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea ulinunua matrekta na matingatinga yaliyobaki vitani, mengine kutoka huko huko Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine nyingi zilikufa mapema. Ardhi ilikuwa ngumu, lakini pia vipuri na mafundi havikutosha. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na vyuma vikatawanyika nchini.

Sasa, kipuri halisi hujulikanaje? Ford walipiga herufi F kwenye vipuri vyao, hata kwenye vichwa vya boliti. Namba zao huanza na GPW, na za Willys huanza na A. Ukitaka kujua chasisi ni ya nani, inama mbele, chini ya rejeta: ya Willys ina bomba la duara, ya Ford ina chuma cha pembe nne. La shule lina bomba la duara, lakini nimehesabu boliti kumi na moja zenye F. Msishtuke. Vipuri vilifanywa makusudi viingiliane, na fundi wa jeshi alichukua kilichokuwa karibu na mkono wake. Wenzetu wanaosisitiza kwamba kila boliti ilingane na chasisi wanatafuta gari ambalo jeshi lenyewe halikuwa nalo baada ya matengenezo ya kwanza.

Jeshi la Marekani liliorodhesha vipuri vyote vya Jeep katika daftari liitwalo G-503. Anayetafuta kwa namba hupata. Anayeandika "kile kidude cha pembeni ya giaboksi" hutumiwa kidude kingine. Kipuri cha ghalani kilipakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, kikafungwa kwa karatasi ya nta, na kikaandikwa namba na tarehe ya kufungwa. Msiitupe karatasi hiyo, ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Grisi hutoka kwa mafuta ya taa na subira.

Jihadharini na vipuri vya Hotchkiss. Wafaransa walitengeneza Jeep kwa leseni kuanzia 1955 hadi 1966, na vipuri vyao ni vizuri, vingi vinaingia bila taabu. Lakini si vya 1943, na anayeviuza kwa bei ya 1943 anawaibia.

Halafu kuna uasili wa kuua. Mpira wa mwaka 1944, hata ukiwa kwenye boksi lake, umekwisha kufa. Mabomba ya breki, vikombe vya silinda za magurudumu na mkanda wa feni nunueni vipya kabisa. Leseni ya udereva ya mtu haina kipuri, wala shingo yake. Vitambaa vya breki vya zamani vina asbesto: msivipulize wala kuvipiga msasa. Gia, shafti na beringi zilizokaa kwenye grisi, hizo chukueni bila woga.

Rejeta yangu mimi niliipata kwenye stoo ya shamba la mkonge upande wa Korogwe. Mtunza stoo alikuwa mzee aliyejua kila rafu kwa kichwa, hakuwa na daftari. Niliporudi mwaka uliofuata kutafuta stata, mzee alikuwa amefariki, na stoo nzima imeuzwa kwa kilo. Nilikuta sakafu imefagiwa. Gerezani nimepata vitu vidogo vidogo, kwa kuchambua. Aliye Uingereza aende Beaulieu mwezi Septemba, kwenye soko la vipuri vya kale lililoanza mwaka 1967, na asisahau kalipa mfukoni, maana macho peke yake hayapimi shafti.

Gari letu linakosa stata, distributa, kabureta na habu ya mbele kushoto. Injini inazunguka kwa mkono. Nimeijaribu leo asubuhi. Ninaiomba kamati isiuze kabla ya Juni. Na ninyi, mkirudi makwenu, ulizeni kwenye karakana za misheni, kwenye mashamba, na kwa wajane wa mafundi. Namba za vipuri vinne hivyo zimeandikwa kwenye karatasi mezani kwa Katibu. Nakala zipo thelathini.