MASHINE YA KUSAGIA JIKONI: VINYWAJI NA VITAFUNIO VYA NYUMBANI

Kama mpo darasani, kaeni mahali ambapo kila mtu anasikia vizuri, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Nikimaliza kusema, mwalimu wenu atawasomeshea maneno haya haya kutoka katika karatasi. Leo tutazungumza habari za jikoni. Lakini ninyi kina baba msiondoke. Somo hili lina hesabu ya fedha ndani yake, nalo ni lenu pia.

Tangu zamani jikoni kwetu tunavyo vyombo vya kusagia. Tuna kinu na mchi. Tuna jiwe la kusagia. Tuna mbuzi ya kukunia nazi, na kifumbu cha kukamulia tui. Vyombo hivi ni vizuri, na hakuna mtu anayewaambia mvitupe. Ila kazi yake huchukua muda mrefu, na mikono huchoka. Siku hizi katika nyumba nyingi zenye umeme kuna mashine ndogo ya kusagia. Wengi huiita blenda.

Mashine hii si ya jana. Katika mwaka 1922, huko Marekani, Stephen Poplawski alitengeneza chombo chenye visu vinavyozunguka chini ya kikombe. Alitaka kuchanganya vinywaji vya maziwa dukani. Kutoka hapo mashine ikaendelea kubadilika, mpaka ikaingia jikoni mwa watu wa kila nchi.

Sasa tutazame jinsi inavyofanya kazi. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kitako, na ndani yake mna mota inayoendeshwa na umeme. Ya pili ni jagi lenye kifuniko. Ya tatu ni visu, navyo viko chini ya jagi. Mota ikizunguka, visu huzunguka kwa kasi sana. Chakula huvutwa chini katikati, hukatwa, kisha hupanda juu pembeni, halafu hushuka tena. Kwa sababu hiyo jagi kubwa lataka maji maji. Ukitia vitu vikavu tu, visu huzunguka hewani na chakula hubaki pembeni. Kumbukeni basi: maji kwanza, vipande baadaye. Vitu vikavu, kama karanga na iliki, vina kikombe chake kidogo, nacho huuzwa pamoja na mashine nyingi.

SOMA KABLA YA KUWASHA

Ndugu zangu, hapa ndipo kusoma kunapookoa fedha. Geuza kitako cha mashine utazame chini yake. Utaona maandishi madogo. Tafuta herufi V. Hiyo ni volti, yaani nguvu inayosukuma umeme. Umeme wa nyumbani hapa Tanzania ni wa volti 230. Mashine iliyoandikwa 220–240 V yafaa. Mashine iliyoandikwa 110 V au 120 V ilitengenezwa kwa nchi kama Marekani. Ukiichomeka ukutani bila chombo cha kupunguza umeme, mota itaungua. Mtu asiyesoma herufi hiyo moja aweza kupoteza fedha za mwezi mzima kwa dakika moja.

Tafuta pia herufi W. Hiyo ni wati, yaani kiasi cha umeme ambacho mashine hula. Kisha tazama ubavuni mwa jagi. Utaona mstari ulioandikwa MAX. Maana yake ni "mwisho hapa". Usijaze kupita mstari huo.

MAMBO MANNE YA KUJILINDA

Kwanza, chomoa waya ukutani kabla ya kutia mkono au kijiko ndani ya jagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana mtoto aweza kuiwasha.

Pili, usitie kitu cha moto sana na kufunga kifuniko kabisa. Mvuke husukuma kifuniko kwa nguvu, na uji au supu huruka usoni. Ngoja kipoe kwanza.

Tatu, usiendeshe mota mfululizo. Saga kwa muda mfupi, pumzisha, saga tena. Ukisikia harufu ya kuungua, zima mara moja.

Nne, usitie kitako ndani ya maji. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu, waya ukiwa umechomolewa. Lakini jagi na visu vioshwe kila mara baada ya kazi. Chini ya visu pana duara la mpira. Litoe, ulioshe, ulikaushe. Mabaki ya maziwa na matunda hujificha hapo, yakaoza, na juisi ya kesho ikaharibika kabla haijanywewa.

MAJI NDIYO KWANZA

Mashine husaga tu. Haiui vijidudu vya ugonjwa. Ukisaga embe zuri pamoja na maji machafu, umepata maji machafu yenye utamu. Kuhara na kipindupindu huingia kwa njia hiyo. Kwa hiyo chemsha maji mpaka yatokote sawasawa kwa dakika 1. Kwa watu wa milimani juu sana, chemsha kwa dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Yafunike, yapoe. Na barafu je? Baridi haiui vijidudu vyote. Barafu ya kutia katika kinywaji nayo itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Osha matunda kabla ya kuyamenya, na mikono kwa sabuni.

Sasa fungueni madaftari. Tutaandika vitu vitatu.

1. SHARUBATI YA NANASI NA TANGAWIZI

Chukua nanasi 1, tangawizi kipande cha urefu wa kidole, ndimu 1, maji yaliyochemshwa na kupozwa vikombe 4, na sukari kidogo. Menya nanasi, likate vipande vidogo. Menya tangawizi, ikate nyembamba. Tia maji vikombe 2 katika jagi, kisha vipande. Kama jagi ni dogo, saga kwa mafungu mawili. Saga mpaka vilainike. Chuja kwa chujio safi. Tia maji yaliyobaki na maji ya ndimu. Onja kwanza, ndipo utie sukari. Mara nyingi nanasi lililoiva halitaki sukari nyingi.

Ukipenda ukwaju badala ya nanasi, uloweke kwanza kwa saa moja katika maji ya uvuguvugu, kisha utoe kokwe zote kwa mkono. Kokwe ni ngumu kama kijiwe, nazo huharibu visu.

2. SIAGI YA KARANGA

Kabla ya kusaga, chagueni karanga. Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Lakini kwa karanga, ndugu zangu, chagueni bila haya. Tupeni zile zenye ukungu, zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, na zenye uchungu. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, nayo huharibu ini. Kukaanga hakuiondoi yote, wala mashine haiiondoi. Mashine huificha tu, maana zikisagwa hutazitambua tena. Sumu hii si hadithi. Katika mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Katika mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania. Karanga nazo hupatwa na sumu hiyo hiyo zisipokaushwa vizuri.

Basi chukua karanga safi vikombe 2. Zikaange kwa moto mdogo mpaka zianze kunukia. Zisugue, upepete maganda. Zikiwa bado na uvuguvugu, tia nusu kikombe tu katika kikombe kidogo cha mashine. Saga, zima, chomoa, sukuma chini kwa kijiko, saga tena. Mwanzo zitakuwa unga. Kisha zitashikana kama bonge. Usitie maji! Vumilia kidogo, mafuta yatatoka yenyewe, na bonge litalainika. Tia chumvi kidogo. Weka katika chupa safi na kavu.

Siagi hii ni nzuri juu ya mkate na mihogo. Kijiko kimoja katika uji humwongezea mtoto nguvu. Kwa mtoto mchanga aliyeanza kula, anza na kiasi kidogo sana, umtazame kama inamdhuru. Wala usimpe mtoto wa chini ya miaka 5 karanga nzima, maana zaweza kumkaba koo.

3. MKATE WA KUMIMINA

Huu ni mkate wa mchele wa watu wa pwani. Zamani mchele ulitwangwa na kuchekechwa, na kazi ilimaliza asubuhi nzima. Kwa mashine, kazi huwa fupi.

Chukua mchele vikombe 2, nazi 1, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kidogo 1, na iliki iliyosagwa nusu ya kijiko kidogo. Osha mchele, uuloweke usiku kucha. Asubuhi umwage maji yake. Kata nazi vipande vidogo, uisage kwa maji ya uvuguvugu vikombe 2, uikamue kwa kitambaa safi. Hilo ndilo tui. Tia mchele na tui kikombe 1 na nusu katika mashine. Saga, pumzisha, saga. Chukua tone moja, ulisugue kati ya vidole viwili. Ukisikia chenga, endelea kusaga. Mwisho tia sukari, iliki na hamira, uchanganye kidogo tu.

Mimina katika bakuli kubwa, ufunike, uache mpaka uumuke. Paka sufuria mafuta, uipashe moto, kisha umimine. Pika kwa moto mdogo chini. Juu uumuke na kutoboka toboka vizuri, ndipo ufunike na kuweka makaa juu ya kifuniko mpaka uwe mwekundu. Choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, umeiva.

HESABU YA UMEME

Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Tuseme mashine yako ni ya wati 500, nawe unaitumia dakika 6 kwa siku. Dakika 6 ni sehemu ya 10 ya saa. Basi 500 gawanya kwa 10 ni 50. Na 1,000 gawanya kwa 50 ni 20. Maana yake uniti moja yatosha siku 20. Kumbe umeme wa mashine hii si mzigo mkubwa. Mzigo uko mahali pengine, kama tutakavyoona.

HESABU YA BIASHARA

Tuseme mama mmoja anataka kuuza sharubati. Bei hizi ni za mfano tu. Ninyi andikeni bei za sokoni kwenu. Mananasi 2 ni shilingi 4,000. Sukari ni 1,000. Tangawizi na ndimu ni 500. Mkaa wa kuchemshia maji ni 800. Umeme ni 100. Jumla ni shilingi 6,400.

Amepata glasi 14, naye huuza kila moja kwa shilingi 700. Akiuza zote, atapata 9,800. Toa 6,400. Faida ni shilingi 3,400.

Lakini siku ya mvua watu hawanywi sana. Akiuza glasi 10 tu, atapata 7,000, na faida ni 600. Glasi 4 tu zimebaki, na faida karibu yote imekwenda nazo. Hapo ndipo jaribu huja: kuziuza kesho yake. Sharubati iliyolala bila baridi huchacha, na mteja mmoja akiumwa tumbo, mtaa mzima utasikia. Heri kutengeneza glasi 8 na kusaga tena zikiisha. Mashine husaga upesi. Hakuna haja ya kuweka akiba ya kulala.

Tena mashine itakufa siku moja. Kama iligharimu shilingi 60,000, naye akaweka shilingi 400 kila siku, baada ya siku 150 atakuwa na fedha za kununua nyingine. Asipoweka, siku mashine itakapokufa biashara nayo itakufa.

Na yule asiye na umeme afanyeje? Karanga husagika kwa kinu na jiwe. Tui hukamuliwa kwa kifumbu. Maji yaliyochemshwa, karanga zilizochaguliwa, na hesabu iliyoandikwa daftarini havitaki umeme. Hivyo ndivyo vitu vikubwa vya somo la leo.

KAZI YA DARASANI

1. Someni kwa sauti: volti, wati, uniti, sumukuvu, tui, hamira.
2. Kwa nini mashine ya 110 V haifai kuchomekwa ukutani hapa Tanzania?
3. Mashine ya wati 250 ikitumika dakika 12 kwa siku, uniti moja itatosha siku ngapi?
4. Andikeni kitu kimoja mnachokipika nyumbani: vipimo kwanza, kisha hatua moja baada ya nyingine. Mpe jirani yako asome. Kama aweza kukipika bila kukuuliza neno, umeandika vizuri.

Muda wetu umekwisha. Jibu la swali la tatu tutalipata pamoja katika somo lijalo, lakini msingojee, likokotoeni leo.