Homa Isiyo na Jina: Mhadhara wa Umma Juu ya Utafiti wa Malaria Korogwe



Ada ya vyuo vikuu ni kutangaza mavuno, na mavuno ya Korogwe si haba. Kituo cha hapa cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kikishirikiana na wanazuoni wa hospitali ya KCMC ya Moshi, wa Copenhagen na wa London, kiliingia mapema katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Mwaka 2008 ikatoka habari ya watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi, Kenya, ambao baadhi yao walipewa chanjo hiyo na wengine wakachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa ili nao wasiambulie patupu, na ikadhihirika kwamba ile ya kwanza ilipunguza malaria kwa asilimia 53. Likafuata jaribio la watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Korogwe na Bagamoyo vikiwamo. Na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo itumike. Hiyo ni fahari yenu, watu wa Korogwe, wala sitairefusha, maana wenye sauti kunishinda wamekwisha kuihubiri.

Nitakayoikalia ni habari nyingine, ambayo haikupigiwa zumari. Mwaka 2004 ilichapishwa hesabu ya wagonjwa mahututi waliotibiwa malaria katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, Tanzania. Damu yao ilipotazamwa kwa hadubini, kati ya wagonjwa 4,474 ni 2,062 tu waliokutwa na vijidudu vya malaria, yaani asilimia 46. Waliobaki walikuwa na ugonjwa mwingine, na ugonjwa huo ukitibiwa kwa jina lisilo lake. Nao ndio waliokufa kwa wingi zaidi, 12.1 katika kila 100, ilhali wenye malaria ya yakini walikufa 6.9. Sijui natija iliyo nzito kuliko hii katika yote yaliyoandikwa juu ya homa za pande hizi.

Wala taksiri si ya matabibu peke yao. Lugha yetu wenyewe imetuzoesha kusema homa tukikusudia malaria, na mtoto akishikwa na degedege, kuna wazee ambao hadi leo humtafutia mganga wa mashetani kabla ya zahanati. Niliketi siku moja katika zahanati ya upande wa jirani zetu wa Handeni, nikimtazama muuguzi akimtoboa mtoto kidole, akidondosha tone la damu katika kile kipimo cha haraka, kisha wote tukangoja, macho yetu juu ya kijidirisha kidogo mno. Ulitokea mstari mmoja.

“Hana malaria, mama.”

“Dokta, mbona mwili unawaka?”

Muuguzi alikaa kimya, akamwandikia panado.

Swali la mama yule, hadhirina, ni swali la kitaalamu kamili, na lingetosha kumpa mwanafunzi wa uzamivu kazi ya miaka minne. Lakini aliyeuliza hakupata kusikia kwamba wengine walikwisha kuliuliza kabla yake, wala kwamba jibu la nusu limelala katika sahifa za Kiingereza tangu 2004. Damu ilitoka kwetu, na ilimu iliyotoka katika damu hiyo ikakaa ughaibuni. Simlaumu mtafiti aliyechapisha London, kwa maana huko ndiko vyeo vinakopimwa. Namlaumu yule aliyechapisha akadhani kazi imekwisha.

Nawaomba basi, wenzangu wa vyuo vikuu: makala ijayo juu ya homa za Korogwe na Handeni ikitoka, nakala yake ya Kiswahili, ya kurasa mbili tu, ifike hospitali ya Magunga, hapa Korogwe, kabla haijafika London.