MAZUNGUMZO YA AFYA: DAMU KATIKA MKOJO SI DALILI YA KUBALEGHE



Maradhi ya njia ya mkojo ni mengi na muda ni mchache. Kwa hiyo nitakaa zaidi juu ya dalili moja ambayo sisi watu wa visiwani tumeizoea kupita kiasi, nayo ni damu katika mkojo.

Zipo nyumba ambamo kijana akikojoa damu husemwa kuwa anabaleghe. Jambo hilo si kweli. Hapa kwetu mara nyingi kijana huyo ana kichocho. Mdudu wake hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai hutoka na mkojo, huanguliwa katika maji yasiyo chumvi, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono. Vikitoka humo hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayepanda mpunga. Baharini hakipatikani, kipo katika mito, vijito na mabwawa.

Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo vimekuwa vikigawiwa skulini na vijijini. Dawa huua wadudu waliomo mwilini, lakini haimkingi mtu anayerudi katika maji yale yale. Anayekwenda kupima apeleke mkojo wa baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani ndipo mayai huonekana zaidi.

Kichocho kilichoachwa miaka mingi huziba mirija ya figo na huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa hiyo mtu mzima aliyeona damu, hata mara moja na bila ya maumivu, amwone daktari bingwa. Damu kukoma si kupona. Kwa wanawake kichocho huleta vidonda katika njia ya uzazi, na wengi wao hushukiwa bure kuwa na maradhi ya zinaa.

Mzee anayeamka mara nyingi usiku na mkojo wake kutoka kwa udhaifu apimwe tezi dume. Mkojo ukiziba kabisa, au korodani ikiuma ghafla, ni hospitali saa ile ile. (Habari za nguvu za kiume, ambazo najua zinasubiriwa, zina siku yake.)

Wakuu wa Idara wanaombwa wampe ruhusa mtumishi anayekwenda kupima bila ya kumtaka aeleze maradhi yake mbele ya wenzake.