Kabla ya Kuifungua Klachi



Jumamosi ya juma la 4 la Kwaresima Kanisa hutusomea sehemu ya sura ya 7 ya Injili ya Yohane, sehemu ambayo wengi wetu tunaipita upesi kwa kuwa haina muujiza ndani yake. Wakuu wa makuhani na Mafarisayo wamekwisha kukata shauri juu ya Yesu. Ndipo Nikodemo, aliye mmoja wao, anapowauliza kama Sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza na kujua alilotenda. Swali lake halikujibiwa. Aliulizwa tu kama naye ametoka Galilaya.

Huku kwetu Tanga, toka Pangani hadi Muheza na Korogwe, Kwaresima huangukia siku za kungoja masika, na mazungumzo ya watu ni mbegu, jembe na trekta. Leo nasi tutasema juu ya trekta, wala asishangae mtu. Mtakatifu Yustino, shahidi wa karne ya 2, aliandika kwamba Bwana wetu, alipokuwa seremala, alitengeneza majembe ya kulimia na nira. Alivijua vyombo vya mkulima kwa mikono yake.

Kikundi cha wakulima katika kigango kimojawapo kina Massey Ferguson 135, trekta ya aina iliyotoka Uingereza katika miaka ya 1960, ambayo bado hulima vizuri ikitunzwa. Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekaribia, trekta hiyo ilianza kukosa nguvu. Injini ilinguruma, jembe halikusonga, na harufu ya kuungua ikasikika. Kila mwenye kujua gari kidogo alisema: klachi inateleza. Na hapo walisema kweli.

Klachi ndiyo inayounganisha injini na giaboksi. Pleti yake hubanwa kwa springi kwenye flaiwili, ikazunguka pamoja nayo. Dereva akikanyaga pedali, pleti huachiliwa na nguvu hukatika. Dereva mwenye mazoea ya kuegemeza mguu juu ya pedali wakati wa kulima huifanya pleti ibanwe nusu nusu, isuguane na kuliwa upesi. Jambo hilo linajulikana, na kwa sababu linajulikana, kikundi hakikuona haja ya kuuliza zaidi. Dereva aliitwa mkutanoni, akaambiwa ameua mali ya watu, akanyimwa ujira wa miezi 2 na kuondolewa. Alipotaka kusema, aliambiwa mguu wake umekwisha kusema. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga.

Baadaye ndipo akaitwa fundi, mzee aliyejifunza kazi katika mashamba ya mkonge. Kutengeneza klachi ya trekta ya namna hii si kazi ya saa moja. Sharti trekta ikatwe katikati: injini na magurudumu ya mbele vitegemezwe kwa magogo na jeki, sehemu ya nyuma isukumwe kwa uangalifu, maana chuma kikiponyoka huvunja mguu wa mtu. Lakini mzee huyo, kabla ya kushika spana, aliinama chini ya trekta. Kuna tundu dogo chini ya nyumba ya klachi, nalo lilikuwa likidondosha oili nyeusi ya injini. Mchanga wa bandani ulikuwa na doa kubwa. Watoto walikuwa wakilikwepa kila siku wasichafue miguu.

Walipoifungua, pleti ilikuwa bado nene. Pleti iliyoliwa na mguu wa dereva huwa nyembamba, ripiti zake zikagusa chuma, na beringi ya klachi nayo huchakaa. Hii ilikuwa imelowa oili na kung'aa kama kioo. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa imekauka kwa uzee, ikapitisha oili, na pleti yenye oili haishiki hata dereva awe malaika. Fundi aliweka sili mpya na pleti mpya, akairekebisha pedali iwe na nafasi yake ya kucheza kidogo kabla ya kuanza kukaza. Trekta ikalima.

Wapendwa, sili iligharimu fedha kidogo kuliko soda walizokunywa wajumbe katika ule mkutano wa kumhukumu mtu. Siku ile hakusimama Nikodemo hata mmoja, ingawa tunasadiki kwamba wapo waliokuwa na swali moyoni, wakaogopa kuulizwa kama nao ni ndugu zake dereva.

Wazee watatu wa kikundi walikwenda nyumbani kwake na ujira wake wote, wakamwomba radhi mbele ya mkewe. Akaupokea, akawakaribisha chai. Kuhusu kurudi kwenye usukani alisema kwamba watu waliosikia akiitwa mwharibifu walikuwa kijiji kizima, na waliokuja kumwomba radhi ni watatu. Mkutano wa kikundi umeitwa tena, safari hii chini ya mwembe wa kigango, baada ya Misa, watu wote wakiwapo.