Ndege ya Boksi Pale Geita

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yetu ya kila juma, kama yalivyosomwa redioni.

Mtu akikuambia kwamba amemaliza siku nzima akirusha ndege ya boksi pamoja na mtoto wa miaka 12, bila shaka utamwona kuwa ni mtu asiye na kazi. Basi mtu huyo ndiye mimi ninayezungumza nawe leo. Wala sioni haya kusema hivyo, maana tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja ambalo ningependa tujiulize sote.

Wakati wa likizo ya mwezi wa Juni nilikwenda Geita kumtembelea dada yangu. Anaishi nje kidogo ya mji, mahali ambapo kutwa kucha husikii kitu ila ngurumo za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni mchimbaji mdogo. Yeye na wenzake wanne wana duara lao, na maisha yao yote yamo humo. Likitema, watoto wanavaa viatu vipya. Lisipotema, dada anakopa unga.

Asubuhi ya pili nilimkuta mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la sita, nyuma ya nyumba. Alikuwa na kisu na kifuniko cha lile boksi jeupe, jepesi, la kusafirishia samaki. Alikwisha kukata mabawa mawili na mkia, na mwili wa ndege yake ulikuwa bua la mtama. Akairusha. Ndege ikanyanyua pua, ikasimama hewani kidogo, kisha ikaanguka chali. Akairusha tena, ikawa vile vile.

“Mjomba, mbona haitaki?” akaniuliza.

Ndugu msikilizaji, swali hilo si dogo. Ndilo lililowasumbua mabingwa wa dunia kwa miaka mingi. Hebu tulitazame.

Ndege isiyo na injini, ambayo wataalamu huiita glaida, haina cha kuisukuma ila uzito wake yenyewe. Kama baiskeli isiyokanyagwa inavyoteremka mlimani, ndivyo glaida inavyoteremka katika hewa. Kwa kuwa inateremka, hewa inapita juu na chini ya mabawa. Bawa lililoinuliwa kidogo upande wa mbele huielekeza hewa hiyo chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Ukitaka kuhakikisha, shika kipande cha boksi kwenye upepo, kiinue kidogo upande wa mbele, na mkono wako utakujibu.

Wengi wetu shuleni tulifundishwa kwamba hewa inayopita juu ya bawa hukimbia ili iwahi kukutana na mwenzake wa chini kule nyuma. Hayo si kweli. Hewa haina miadi. Ni kweli kwamba ile ya juu hupita kwa kasi zaidi, na kanieneo yake hupungua, lakini vipimo vimeonyesha kwamba hufika nyuma mapema na kumwacha mwenzake. Ijapokuwa tulikariri hayo na kuyaandika katika mitihani, hewa yenyewe haikuyafuata.

Sasa, bawa likiinuliwa kupita kiasi, hewa ya juu hushindwa kuufuata mgongo wake. Hujitenga, na nguvu ya kuinua hupotea ghafla. Hayo ndiyo yaliyoipata ndege ya mpwa wangu. Mkia wake ulikuwa mzito, pua ikainuka, hewa ikaliacha bawa, na ndege ikaanguka.

Dawa yake ilikuwa sarafu ya shilingi 100. Tuliipachika puani kwa gundi, kisha tukaiweka ndege juu ya ncha za vidole viwili, chini ya mabawa. Bado mkia ulilala. Tukaongeza sarafu ya pili, na hapo ndege ikatulia sawasawa juu ya vidole, mahali palipo kama theluthi moja ya upana wa bawa ukipima kutoka mbele. Hicho ndicho kitovu cha uzito. Kikikaa nyuma mno, ndege huyumba na kuanguka. Kikikaa mbele mno, huchimba ardhi. Kisha tukayapinda mabawa kidogo kuelekea juu, mfano wa herufi V iliyofunguka sana, ili ndege ikilala upande mmoja ijirudishe yenyewe.

Tukapanda juu ya kichuguu. Mkono wa kijana ulikuwa kama mita 3 juu ya uwanja. Akaisukuma taratibu, nayo ikaenda, ikaenda, ikatua mita 18 mbele. Mtoto yule, ambaye mama yake alikuwa amenilalamikia kwamba hesabu hazimwingii, akagawanya 18 kwa 3 bila kuambiwa. “Sita,” akasema. “Mjomba, kila ikishuka mita moja inakwenda mita sita.” Hicho ndicho kipimo ambacho wahandisi hutumia kuipima glaida. Tumbusi hufikia takriban 15, na glaida kubwa za siku hizi zinazobeba watu hupita 50.

Jioni shemeji akarudi kutoka duarani, amejaa vumbi. Akatutazama. “Shemeji, na wewe umerudi utotoni?”

Nikamwambia, “Mwanao anasoma.”

“Anasoma nini? Wenzake wanaleta hela nyumbani kutoka karashani.”

Hata hivyo aliichukua ile ndege, akaivurumisha kwa nguvu zote kana kwamba anatupa jiwe. Ikapiga duara hewani na kujibwaga. Mwanawe akamwambia kwa adabu, “Baba, usiitupe. Isukume tu.” Akajaribu tena, ikaenda. Mara ya tatu akaketi juu ya ndoo, akaigeuzageuza, akauliza zile sarafu ni za nini. Mtoto akamweleza. Shemeji akafikiri kidogo, akasema, “Kumbe ni kama mfuko wa mawe kwenye winchi. Usipoufunga penye uzito, unapinduka njiani.” Mtu ambaye hakupita darasa la saba alikuwa ameelewa kitovu cha uzito kwa neno moja, kwa sababu alikutana nacho kazini kila siku.

Kesho yake saa saba mchana kijana aliniita tutazame tumbusi. Walikuwa wanazunguka juu, mabawa wameyatandaza, hawayapigi hata mara moja, nao wanazidi kupanda. “Wao mbona hawashuki?”

Wanashuka, ndugu msikilizaji, ila wanashuka ndani ya hewa inayopanda kwa haraka kuliko wanavyoshuka. Jua likichoma ardhi tupu, hewa iliyo juu yake hupata joto, huwa nyepesi na kupanda. Wakazi wa Shinyanga wanaijua hewa hiyo hata kama hawajaipa jina la kitaalamu. Ile chamchela inayozoa vumbi na majani katika mashamba ya pamba mnamo saa nane ni mguu wa hewa hiyo hiyo inayopanda.

Na si mambo ya kubahatisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa Kiingereza, Colin Pennycuick, alikuwa katika Serengeti, mbuga inayopakana na wilaya zilizokuwa za Mkoa wa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Yeye aliwafuata tumbusi, tai na korongo huko huko angani kwa glaida yenye injini ndogo, akizunguka nao ndani ya hewa moto na kupima kasi yao. Aligundua kwamba tumbusi wanaoishi kwenye majabali wanaweza kwenda zaidi ya kilomita 100 kutafuta mizoga, karibu bila kupiga mabawa.

Lakini anga hiyo hiyo haina mzaha. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, alifariki baada ya ndege yake kugongana na tumbusi. Kaburi lake liko ukingoni mwa Bonde la Ngorongoro.

Mjerumani mwingine, Otto Lilienthal, alijifunza kuruka kwa kuwatazama korongo weupe tangu utoto wake, katika mji wa Anklam. Korongo wa mashariki ya Ujerumani, majira ya baridi yakiwadia kwao, husafiri kuja Afrika, na baadhi yao hufika katika nyanda zetu hizi. Lilienthal alitoa kitabu chake mwaka 1889, akaruka kwa glaida zake kiasi cha mara 2,000, na mwaka 1896 moja ikaanguka naye, akafa. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walisoma kazi zake. Kati ya mwaka 1900 na 1902 hawakugusa injini, bali walishughulika na glaida tu. Walipokwisha kuelewa hewa ndipo walipofunga injini, wakaruka tarehe 17 Desemba 1903. Safari ya kwanza ilikuwa ya sekunde 12.

Sasa lile swali la shemeji, faida yake nini?

Tarehe 23 Julai 1983, ndege kubwa ya abiria aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani nchini Kanada. Mafuta yalikuwa yamepimwa kwa ratili badala ya kilo. Injini zote mbili zikazimika. Rubani Robert Pearson alikuwa na mazoea ya kurusha glaida kwa kujifurahisha. Akaishusha ndege ile nzima kama glaida hadi kwenye uwanja wa zamani wa Gimli, na watu wote 69 wakanusurika. Mchezo wake wa siku za mapumziko ndio uliowaokoa.

Tukirudi kwetu, mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ilifanyiwa majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Kisiwa cha Ukerewe. Ilikwenda kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Ilipaa wima kama helikopta, kisha ikalalia mabawa yake kama tumbusi, kwa sababu bawa hubeba mzigo kwa nguvu ndogo. Kifaa hicho kilibuniwa Ujerumani. Je, hapana budi kila mara kitoke huko?

Hapa ndipo lilipo swali nililolitaja mwanzoni. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, yakiwemo ya Geita na Shinyanga. Wengine walikuwa na umri wa miaka 8. Wanashuka maduarani, wanaponda mawe, wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, na uchimbaji madini umetajwa humo. Sheria ipo. Lakini dada yangu hakopi unga kwa sheria, na mimi simlaumu shemeji kana kwamba hampendi mwanawe. Hela ya karashani inaonekana jioni ile ile. Faida ya mtoto aliyeelewa hewa haionekani mwaka huu wala mwaka ujao.

Ninachosema ni hiki. Tunapoona mtoto ameshika kisu na kifuniko cha boksi, tusikimbilie kumwita mtundu. Mwalimu anayekuta ndege ya karatasi darasani ana hiari mbili: kuichana, au kuuliza kwa nini inapinda kushoto. Hiyo ya pili haihitaji maabara wala fedha za wafadhili. Inahitaji boksi, sarafu mbili, rula na uwanja.

Tena uwanja wenyewe uchaguliwe kwa makini. Isiwe karibu na kiwanja cha ndege wala nyaya za umeme. Na kwa wenzetu wa Geita, Kahama na kwingineko kwenye machimbo, natilia mkazo, isiwe karibu na maduara yaliyoachwa wazi. Mtoto anayeifuata ndege huangalia juu, haangalii anapokanyaga. Duara lisilofukiwa haliulizi aliyetumbukia ni mchimbaji au ni mchezaji.

Juma lililopita nilimpigia dada simu. Shule imefunguliwa na kijana anahudhuria. Ndege yake ya tatu, anasema, imevuka mita 30 kutoka kichuguu kile kile. Lakini Jumamosi bado anakwenda karashani kumsaidia baba yake. Nikaomba nizungumze na shemeji. Akaniambia, “Duara likitema, Jumamosi ataacha.” Nikamuuliza, na lisipotema? Akanyamaza.

Ndugu msikilizaji, kunyamaza kule ndiko kumenileta mbele yako leo. Elimu ya mtoto tusiitundike kwenye bahati ya shimo. Tumbusi haingojei bahati, anajua hewa inapopanda na anakwenda hapo. Nimemwambia shemeji kwamba ile hela ya Jumamosi nitajitahidi kuituma mimi, hadi mtoto amalize darasa la saba. Sijui kama mfuko wangu utamudu. Lakini kila mmoja wetu aliyeko mjini ana mpwa wake mahali fulani.