Asiye na Pa Kulala na Aliyenaswa na Unga: Haki Yake Juu Yetu

HOTUBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemkirimu mwanadamu, akamfanyia ardhi kuwa makazi na nyumba kuwa kituo cha utulivu. Tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, mlezi wa mayatima na mwandani wa maskini, pamoja na Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliohudhuria hapa na mnaotusikiliza majumbani kwenu, nakuusieni nami najiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha Yeye ni kuzitambua haki za waja wake, hata wale ambao macho yetu yamezoea kuwapita.

Ndugu Waislamu, nataka leo kuanza kwa kuikiri aibu yangu mwenyewe. Alikuwapo kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mtoto. Sauti yake ilikuwa nzuri, na herufi alizitoa mahali pake. Alipokuwa mtu mzima aliingia katika unga. Nyumbani akaiba, wakamfukuza. Kwa shangazi yake akaiba, akafukuzwa pia. Mwisho akawa analala kwenye baraza ya msikiti tunaoswali. Siku moja mifereji ya birika ikaibwa. Kamati ikakutana, nami nikiwamo, tukakata shauri kwamba lango lifungwe baada ya Isha. Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba yeye ndiye mwizi, wala hakuna aliyeuliza kijana yule atalala wapi. Baada ya miezi michache aliokotwa alfajiri mtaroni, amekwisha kufa.

Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Na jambo lililonichoma moyo ni hili: mchango wa sanda, mbao na wachimba kaburi ulipatikana kwa muda usiofika saa moja. Watu walitoa kwa moyo mkunjufu, na fedha zikabaki. Fedha zile zilizobaki zingetosha kumkodia chumba. Tulikuwa nazo siku zote mifukoni mwetu. Alipokuwa hai hatukuziona, alipokufa tukaziona.

Waislamu wenzangu, hebu tuutazame msikiti wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, pale Madina. Sehemu ya nyuma ya msikiti ule iliezekwa kivuli, ikaitwa Suffa. Hapo walikaa Waislamu wasio na jamaa wala mali wala pa kulala, na miongoni mwao alikuwa Abu Huraira, ambaye umma huu umepokea kwake elimu isiyo na kifani. Mtume aliwaelekeza Masahaba kwamba mwenye chakula cha watu wawili amchukue wa tatu. Basi malazi ya asiye na makao ni jambo lililoanza ndani ya msikiti wenyewe, mbele ya macho ya Mtume, wala si jambo lililozuliwa na watu wa zama hizi.

Yuko atakayesema: watu wa Suffa walikuwa wacha Mungu, na hawa wa leo ni walevi na wezi. Ndugu yangu, sikiliza kisa kilichopokewa na Imam Bukhari. Alikuwapo Sahaba mmoja aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume kwa kosa la kunywa pombe, akiadhibiwa. Siku moja mtu mmoja alimlaani kwa wingi wa kurudia kwake. Mtume akamkataza kumlaani, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikufutwa na dhambi haikuhalalishwa. Lakini mtu yule hakutolewa katika jamaa ya Waislamu. Kosa lake lilikuwa na jina lake, naye alibaki na heshima yake.

Unga ni haramu, hilo halina mjadala, na mwenye kuuuza anaua watu kwa tamaa ya mali. Lakini aliyekwisha kunaswa hali yake ni nyingine. Waganga waaminifu wanatufahamisha kwamba mwili wa mtu huyo umebadilika. Akiukosa unga kwa saa chache hutetemeka, hutapika, mifupa humuuma na usingizi humkimbia. Kumwambia aache kwa nasaha peke yake ni kama kumwambia mwenye homa kali aache kutokwa na jasho. Nasaha ina mahali pake, na dawa ina mahali pake.

Na dawa ipo. Iko dawa iitwayo methadoni, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Mgonjwa huinywa kwa kipimo mbele ya mhudumu, kila siku. Humtuliza asitetemeke wala asitafute sindano, akaweza kufanya kazi na kuswali. Tanzania ilianza kuitoa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Kenya ilianza Nairobi mwezi wa Desemba 2014, kisha ikafika kwetu pwani, Malindi na Mombasa. Na Unguja ilianza mwaka 2015. Wapo wanaouliza kama huku si kubadilisha kilevi kwa kilevi. Jawabu ni kwamba tiba inayopimwa na tabibu mwaminifu, kwa ajili ya kumwondolea mtu madhara makubwa zaidi, haiwi sawa na ulevi wa mtu anayefuata matamanio yake. Sheria yetu inalijua hilo katika mlango wa dharura.

Sasa zingatieni neno hili, kwani ndilo kiini cha hotuba ya leo. Dawa hii hunywewa kila siku. Mgonjwa akiikosa kwa siku tatu au zaidi, aghlabu hupimwa upya na kupunguziwa kipimo kabla ya kuendelea. Je, mtu anayelala mtaroni, anayefukuzwa huku na huku usiku, asiye na nauli wala mahali pa kuoga, atawezaje kufika kila asubuhi? Na akitoka kwenye zahanati, jioni anarudi wapi? Anarudi palepale kijiweni, katikati ya wale wanaovuta na kujidunga. Vilevile yule aliyekaa miezi katika nyumba ya upataji nafuu, mwili wake umekwisha kusahau unga. Akitoka bila ya makao na akarudia kipimo chake cha zamani, kipimo kilekile kinaweza kumuua siku hiyohiyo. Tiba bila ya makao ni kuchota maji kwa pakacha.

Na mwenye jamaa hulipiwa na jamaa zake. Asiye na jamaa, jamaa zake ni nani? Ni mimi na wewe.

Mtauliza: fedha zitoke wapi? Wazee wetu walikwisha kutujibu. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaibar alimwendea Mtume kutaka shauri, kisha akaliweka wakfu: asili yake isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na mazao yake yawaendee mafakiri, jamaa, watumwa wa kukombolewa, wasafiri na wageni. Kwa njia hiyo hiyo Sultani Qalawun alijenga hospitali yake Cairo, iliyokamilika mwaka 1284, ikiendeshwa kwa mapato ya wakfu. Mgonjwa aliyepona alipewa fedha wakati wa kutoka, asilazimike kukimbilia kazi kabla mwili haujapata nguvu. Tazameni hekima hiyo! Walijua kwamba ugonjwa haumalizikii mlangoni mwa hospitali.

Miji yetu hii ya pwani imejaa wakfu. Kuna nyumba, maduka na mashamba yaliyoachwa na mabibi na mababu waliotaraji thawabu. Baadhi yake yamebomoka, na baadhi hukodishwa kwa kodi ya zamani isiyonunua hata kilo chache za mchele. Wasimamizi wa wakfu wana amana shingoni mwao: sharti la mwenye kuweka wakfu lifuatwe, na pale alipowataja mafakiri na maskini, mafakiri na maskini wapate.

Ama zaka, Sura ya At-Tawba, aya ya 60, imezitaja jamaa nane zinazostahiki, na wa mwanzo ni mafakiri na maskini. Asiye na chakula wala pa kulala, kama si yeye fakiri, ni nani? Kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii zaka humilikishwa mwenye haki, majengo tuyajenge kwa wakfu na sadaka, na zaka iende kwa mtu mwenyewe: kodi ya chumba chake, chakula chake, nauli ya kwenda kwenye dawa. Na ikichelewa kwamba fedha mkononi zitamrudisha kwenye unga, wanavyuoni wamekwisha kueleza kuwa asiyeweza kuhifadhi mali, haki yake hupokewa na msimamizi wake.

Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tusitoke hapa kwa machozi matupu. Nafanya hesabu nyepesi. Msikiti wenye waumini mia mbili, kila mmoja akitoa shilingi 20 kila Ijumaa, hupata shilingi 4,000 kwa juma, na 208,000 kwa mwaka. Kwa fedha hizo vyumba kadhaa vinaweza kukodiwa mwaka mzima. Kila kamati na iteue watu wawili waaminifu, mmoja wa kushika daftari na mmoja wa kushika fedha, na hesabu isomwe hadharani baada ya Swala. Wachagueni wachache kwanza, wale waliokwisha kuanza dawa na hawana pa kulala. Mtu akianguka, msimwondoe mara moja. Mrudisheni kwa tabibu. Na dada zetu walionaswa wasisahauliwe, maana wao wanajificha zaidi na hatari yao usiku ni kubwa zaidi. Wapatiwe mahali pao, chini ya wanawake waaminifu.

Nanyi wazazi mnaoficha habari za watoto wenu kwa kuona haya, njooni. Sitiri ni jambo jema, lakini ugonjwa uliofichwa hufichuliwa na kilio.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu. Wafungue walionaswa. Wape makao wasio na makao, na utujaalie sisi tuwe sababu. Wazuie wanaoleta sumu hii katika miji yetu. Mrehemu kijana yule niliyemsomesha, umpe kaburini nafasi tuliyomnyima baraza, na utusamehe sisi tuliofunga lango. Amin.

Simamisheni Swala.