Ramani ya Simu na Mwamba wa Gazi

Msikilizaji, siku hizi nahodha wa Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, anaweza kutembea na ramani ya bahari ndani ya simu. Swali ni ramani ipi.

Ziko aina mbili. Ya kwanza ni picha ya ramani ya karatasi. Ukiikuza inakuwa kubwa tu, haifichi kitu. Ya pili imejengwa kwa tabaka za data. Ukiisogeza mbali uone pwani yote, Diani hadi Msambweni, programu huondoa alama ndogondogo skrini isijae. Na alama hiyo ndogo huenda ndiyo mwamba wenyewe!

Kwa mfano, Novemba 2014 chombo cha mashindano ya kuzunguka dunia, Team Vestas Wind, kilipanda miamba ya Cargados Carajos usiku, kaskazini-mashariki mwa Mauritius. Mabaharia wazoefu, vifaa vya bei kali. Miamba ilikuwamo kwenye ramani yao, ila hawakuikuza vya kutosha.

Hata hivyo, mimi ningechukua ya tabaka, mradi ifanye kazi bila mtandao na ionyeshe kina kilipimwa mwaka gani. Kisha, kabla ya kutweka tanga, ningeikuza hatua kwa hatua njia nzima, hasa kule nje ya kisiwa cha Chale.

Ndani ya ghuba, kwenye mikoko, ni habari nyingine. Mchanga huhama, na maji ya bamvua hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Hapo muulize mvuvi aliyetoka asubuhi.